Mtu wa Kumsindikiza Mjomba

Maandishi mengi niliyosoma kuhusu korona na afya ya akili yanaanza na mlango uliofungwa. Mtu yuko Nairobi, Kampala au London, kafungiwa ndani, anaongea na mshauri wake kupitia kompyuta, anahesabu siku. Nayasoma kwa heshima, ila hayaelezi kilichotokea kwetu. Tanzania haikuwafungia watu ndani. Soko la Kasulu liliendelea, makanisa na misikiti iliendelea, na sisi huku Heru Juu tuliendelea na majembe yetu. Hakuna askari aliyesimama njiani kumzuia mtu asiende kliniki. Na bado watu waliacha kwenda.

Hilo ndilo linalonisumbua mpaka leo: kliniki iko wazi, muuguzi yupo kitini, daftari liko mezani, na wagonjwa hawaji. Ukitafuta aliyefunga mlango humpati.

Kwa msomaji ambaye hajafika, Heru Juu iko kwenye vilima vya Buha, wilaya ya Kasulu, mkoa wa Kigoma. Ni mahali pa ukungu wa asubuhi, migomba na maharage. Zamani yalikuwa makao ya watawala wa Heru, na wazee bado wanamtaja Mwami Theresa Ntare, mwanamke aliyetawala enzi za Mwingereza. Kutoka huku hadi Dodoma, iliko Hospitali ya Mirembe, ni safari ya kukata sehemu kubwa ya nchi. Mirembe ilianzishwa 1927, na kwa Watanzania wengi jina lake limeshakuwa tusi. Ukifanya jambo la ajabu utaambiwa wewe ni wa Mirembe. Mjomba wangu hajawahi kufika huko. Matibabu yake yote ni kliniki ya afya ya akili mjini, mara moja kwa mwezi: chumba kimoja, benchi nje, na muuguzi mmoja ambaye sote tunamwita dokta.

Mjomba ni kitindamimba wa Bibi. Alianza kusikia sauti akiwa na miaka 20. Kwanza alipelekwa kwa mganga, halafu kwenye maombi, halafu kwa mganga mwingine ng'ambo ya mto Malagarasi. Mwaka ule usiku alikuwa anafungwa kamba kwenye nguzo ya jiko ili asitoke. Hospitali ilikuja mwisho, kama inavyokuja mwisho kwa wengi. Dokta alisema ni skizofrenia, akaandika sindano ya flufenazini kila mwezi pamoja na vidonge vya kuzuia mwili usikakamae. Baada ya miezi minne ile kamba ilirudi kufunga mbuzi.

Toka hapo, kwa miaka tisa, Bibi ndiye alikuwa anampeleka. Nilidhani kusindikiza ni kutembea tu na mtu, mpaka nilipomwangalia Bibi kwa karibu. Anamwamsha mapema, anahakikisha kanywa uji, anazungumza naye njiani habari za mashamba ya watu ili asibaki peke yake na sauti zake. Wakifika, dokta anauliza: “Kaka, unalala vizuri?” Mjomba anajibu: “Nalala.” Bibi, aliyekaa nyuma yake kidogo, anatikisa kichwa taratibu, na dokta anaandika. Hapo ndipo matibabu yenyewe yalipo. Sindano ni ya dakika moja, lakini kujua kama sindano inatosha kunahitaji mtu aliyelala nyumba moja na mgonjwa.

Na benchi nalo lina kazi yake. Kliniki hiyohiyo ndiyo inayowahudumia wenye kifafa, kwa hiyo unakuta mama na mtoto wake, baba na binti, mke na mume, wamekaa pamoja wanapeana habari. Nani kaanguka motoni, duka gani lina dawa, mchungaji gani amemwambia mtu aache vidonge. Bibi hakusoma, lakini karibu yote aliyoyajua kuhusu ugonjwa wa mwanawe aliyajua kwenye lile benchi. Kadi ilikuwa na jina la Mjomba, ila kliniki ilikuwa ya watu wawili wawili.

Tarehe 16 Machi 2020, Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, alitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini, msafiri aliyetokea Ubelgiji. Kesho yake serikali ikatangaza kufunga shule. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, basi nikawa nyumbani. Redio ikawa inarudia kwamba wazee ndio walio hatarini zaidi, na Bibi alikuwa ameshapita miaka 70.

“Mimi kule siendi tena, mjukuu wangu,” aliniambia. “Ugonjwa uko kule wanakokusanyika wagonjwa.”

Huwezi kumbishia mzee anayesema ukweli. Kazi ya kusindikiza ikaja kwangu.

Aprili tulishuka mjini. Nauli ilikuwa imepanda, kwa sababu magari yalikuwa hayajazi. Kila abiria akae kitini, asisimame mtu. Tukapata bodaboda. Getini kulikuwa na ndoo ya maji tiririka na sabuni, Mjomba akanawa bila neno. Halafu akaja kijana wa kupima joto. Kile kipimo, wote tunakikumbuka, kinashikwa kama bastola na kinaelekezwa kwenye paji la uso. Kwako wewe na mimi kilikuwa kero ndogo. Sasa mfikirie mtu ambaye kwa miaka mingi sauti zimekuwa zikimwambia kuna watu wametumwa kummaliza. Mjomba alirudi kinyumenyume mpaka barabarani na hakuna neno langu lililomrudisha. Yule kijana hakuwa na kosa lolote. Alikuwa anafanya kazi aliyopewa, tena kwa adabu.

Nilimwacha kwa mama anayeuza ndizi, nikaingia peke yangu. Bibi alikuwa ameniambia siku ya kliniki benchi huwa halitoshi, watu wanakaa hata kwenye majani. Siku ile nilikuta watu sita, wamekaa mbalimbali, kila mmoja kaelekea upande wake. Hakuna aliyekuwa akiongea na mwenzake. Dokta alikuwa na barakoa, akaniuliza maswali ambayo Bibi angeyajibu kwa kichwa tu. Sindano hakuweza kunipa niende nayo mkononi. Akanipa vidonge vya klorpromazini vya mwezi mmoja, akasema: “Mwalimu, mwezi ujao jitahidi aje mwenyewe.”

Nilimuuliza wengine wako wapi. Akasema wengine wanaogopa kuambukizwa, wengine wanaogopa kupimwa halafu wasirudi nyumbani, na wengine ni kwamba aliyekuwa anawaleta ni mzee.

Hilo la mwisho nililifikiria njia nzima ya kurudi. Huku kwetu, nani anampeleka mgonjwa wa akili kliniki? Si kaka zake, wao wako kwenye mihangaiko. Si mke, maana mara nyingi keshaondoka au hakuwahi kuwepo. Ni mama. Na mama wa mtu wa miaka 40 ni bibi kizee. Korona ilipokuja ikisema wazee wakae mbali na watu, iliwagusa hasa wale waliokuwa wameibeba kliniki yote mabegani. Hakuna mtu aliyepanga iwe hivyo.

Mei tulikwenda tena. Safari hii niliongea kwanza na kijana wa getini, akakubali kupima joto kwenye mkono. Tukapita. Ndani, sindano hazikuwepo. Dokta akasema zimeagizwa, hazijafika, na dukani nako hazionekani. Mwaka ule dunia nzima ilikuwa inagombania dawa na nafasi kwenye meli na ndege. India, inakotoka sehemu kubwa ya dawa tunazotumia, ilizuia mwezi Machi dawa na malighafi 26 zisiuzwe nje bila kibali. Orodha ile haikuwa ya dawa za akili; ilikuwa ya vitu kama parasetamoli na viuavijasumu. Lakini mtu wa mwisho kwenye foleni hahitaji kutajwa kwenye orodha ili akose. Dawa ya Mjomba ilikuwa inakosekana mara mojamoja hata kabla ya korona, na zamani Bibi alikuwa anajua kupitia benchi pa kuipata. Sasa benchi lilikuwa halisemi.

Oktoba mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya uchunguzi wake katika nchi 130. Asilimia 93 ya nchi hizo zilisema huduma moja au zaidi za afya ya akili zimevurugika au kusimama. Karibu theluthi moja zilisema hata upatikanaji wa dawa umevurugika. Kuna takwimu moja pale niliyoisoma mara mbili: zaidi ya asilimia 80 ya nchi tajiri zilikuwa zimeanza kutoa huduma kwa simu na video ili kuziba pengo, lakini kwa nchi maskini hazikufika nusu.

Wengi wakiisoma takwimu hiyo wanasema basi, dawa ni kupeleka simu vijijini. Sina ugomvi na simu, na kwa mwenye huzuni au hofu nzito inaweza kumwokoa. Ila nilijaribu. Nilipiga simu kwa dokta nikaweka sauti kubwa ili Mjomba azungumze naye. Akaitazama ile simu juu ya meza, akaniuliza: “Mwalimu, na wewe unaisikia?” Nikasema naisikia. Akakaa kimya, halafu akatoka nje. Ugonjwa wake wote ni sauti zinazokuja bila mtu. Mimi nikawa nimemletea nyingine.

Barakoa nazo ni hivyohivyo. Aliwahi kunieleza, siku akiwa mzima, namna anavyotofautisha sauti ya kweli na ya ugonjwa: anatazama midomo. Ikiwa kuna sauti na kuna mdomo unaotembea, anajibu. Ikiwa kuna sauti bila mdomo, anaendelea na shughuli zake. Ni ujanja alioutunga mwenyewe, hakuna daktari aliyemfundisha, na ulimsaidia miaka yote ile. Mwaka 2020 mjini midomo ikafunikwa.

Halafu kulikuwa na jambo la habari zenyewe. Mwanzoni mwa Mei serikali ilitoa hesabu ambayo ikawa ya mwisho kwa muda mrefu: wagonjwa 509, vifo 21. Rais Magufuli alikuwa amesimulia hadharani jinsi papai na mbuzi walivyopelekwa maabara na kukutwa na korona. Juni akatangaza kwamba maombi yameuondoa ugonjwa nchini. Sitaki kurudia ubishi ule hapa, kila mtu ana msimamo wake. Ninachosema ni kidogo. Redio moja, kwa miezi mitatu, ilituambia tusiguse mtu, kisha ikatuambia vipimo vina walakini, kisha ikatuambia ugonjwa haupo. Sisi wenye akili timamu tulichagua la kuamini. Mtu ambaye kila siku anapambana kujua sauti ipi ni ya kweli, alifanyaje?

Mjomba aliacha kulala. Mara ya kwanza nilisikia mfagio usiku wa manane. Alikuwa anafagia njia kutoka mlangoni mpaka barabarani, anasema wageni wanakuja. Juni 8 akafariki Rais Pierre Nkurunziza wa Burundi, na kwa kuwa Burundi ni jirani wa kilima kwa kilima, redio zetu hazikuwa na habari nyingine. Mjomba akasema yeye ndiye aliyesababisha. Akalia kama mtu aliyeua kweli. Bibi alikaa naye mpaka asubuhi, amemshika mkono, huku mimi nikiiangalia ile kamba ya mbuzi ukutani. Bibi naye aliitazama. Hatukusema kitu.

Nilimpigia dokta. Siku ya tatu akaja kwa pikipiki yake, jioni, baada ya kazi. Sindano aliipata kwa mwenzake wa wilaya nyingine. Hakuingia ndani. Alikaa chini ya migomba, mbali kidogo, akavua barakoa akaiweka mfukoni, akasema: “Kaka, nitazame. Ni mimi.” Mjomba alimtazama mdomo muda mrefu. Wakaongea habari za maharage. Wakaongea habari za mbuzi. Giza lilipokaribia, Mjomba akainua mwenyewe mkono wa shati.

Kama kuna kitu kinaitwa huduma ya afya ya akili, mimi nilikiona pale, na hakimo kwenye mwongozo wowote. Siku ile dokta alifanya kazi ya Bibi. Alisindikiza, ila safari hii kliniki ndiyo iliyomfuata mgonjwa. Alitumia mafuta yake, muda wake, na kibali chake mwenyewe. Hatuwezi kujenga mfumo juu ya mtu mmoja mwenye moyo na tenki lenye petroli, lakini tunaweza kuangalia alichokifanya na kuuliza kwa nini kisiwe kazi inayolipwa.

Maana nchi hii inajua kusindikiza. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, mpango wa kifua kikuu wa Tanzania, ambao Karel Styblo alishiriki kuujenga, uliionyesha dunia kwamba mgonjwa anapona kama kuna mtu anayemwona akimeza dawa na kuna daftari linaloonyesha nani hakuja, ili afuatwe. Upande wa UKIMWI, ambao wagonjwa wa kwanza nchini waligunduliwa Kagera mwaka 1983, tumezoea kumwona mhudumu wa jamii akipita majumbani. Hata mwaka 2020, jirani yetu anayetumia ARV alikuwa tayari anapewa dawa za miezi kadhaa kwa mara moja. Alikwenda mjini mara chache na hakuwahi kukosa. Mjomba, nyumba ya pili, alitakiwa kwenda kila mwezi, na alipokosa hakuna daftari lililomtuma mtu kumfuata. Tofauti yao haikuwa kwenye vidonge. Mmoja alikuwa na mfumo mzima nyuma yake, na mwingine alikuwa na Bibi.

Bibi mwenyewe hakushangaa. Alisema magonjwa makubwa yakija, wa kwanza kusahauliwa ni wale ambao hawawezi kujisemea. Alinisimulia habari za malale, alizozisikia kwa mama yake. Katika miaka ya 1930 malale yalipotisha nyika za Buha, hasa upande wa Kibondo, serikali ya Mwingereza iliwahamisha watu waliokuwa wakiishi mbalimbali, ikawakusanya kwenye makazi mapya mbali na mbung'o. Malale si usingizi tu. Kabla mgonjwa hajalala usingizi ule mbaya, anabadilika tabia, anachanganya usiku na mchana, anagombana na watu wake, mpaka watu wanadhani ni wazimu. Mama yake Bibi aliwaona watu wa namna hiyo wakati wa kuhama. Aliyekuwa na ndugu wa kumshika mkono alifika, alisema. Wasio na mtu hakujua waliishia wapi.

Katika miezi ile ya shule kufungwa nilikuwa narudia Kichwamaji cha Euphrase Kezilahabi. Mwandishi alikuwa amefariki Januari mwaka huohuo wa 2020, na nilitaka kumwaga kwa kumsoma. Riwaya ilitoka 1974, na wengi tuliisoma kwa ajili ya mtihani, tukakariri falsafa na maana ya maisha. Niliposoma safari hii, huku nikisikia mfagio nje, nilimwona Kazimoto tofauti. Ana elimu, ana marafiki, ana mke. Anaeleza mawazo yake kwa ufasaha ambao Mjomba hatakuwa nao kamwe. Na anaishia kujiua. Katika dunia ya riwaya ile hakuna mtu anayefikiria kumpeleka mahali, kwa sababu mahali penyewe hapapo kwenye fikra za yeyote. Wahakiki wetu tumeandika sana kuhusu udhanaishi wa Kezilahabi. Nadhani tungeweza pia kusoma kitabu kile kama habari za kijiji ambacho mtu anaumwa mbele ya watu wote na watu wanamjibu kwa mjadala. Mpaka leo sheria yetu, Kanuni ya Adhabu, inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Anayenusurika anaweza kujikuta ana kesi.

Shule zilifunguliwa Juni 29, nikarudi darasani. Tulipanga zamu: mimi siku za likizo, binamu yangu anayeendesha bodaboda miezi mingine. Mjomba alitulia kufikia Septemba. Lakini alipoteza kitu ambacho hakijarudi, sijui nikiiteje, ule wepesi wa kucheka. Dokta anasema kila mgonjwa anapoanguka upya, anarudi, ila si lazima arudi mpaka pale alipokuwa. Mwezi mmoja wa kukosa sindano haulipwi kwa mwezi mmoja wa kupata.

Halafu likaja wimbi la mwanzoni mwa 2021. Wakati ule tulijifunza msamiati mpya: “changamoto ya upumuaji”. Matangazo ya vifo yalikuwa yanasema hivyo, watu kwenye mazishi walikuwa wanasema hivyo, kwa sauti ya chini. Kiswahili chetu ni hodari kwa kazi hiyo. Tunalo neno changamoto la kuwekea jambo tusilotaka kulitazama. Mjomba naye siku hizi ana “changamoto ya afya ya akili”, yaani amepandishwa cheo kutoka kwenye kichaa. Sibezi. Neno laini linampa mtu heshima kidogo. Ila neno hilohilo laini linaweza kuwa blanketi la kufunika.

Bibi aliugua Februari. Siku tano za homa na kifua, tukamfukiza kwa majani kama kila mtu alivyokuwa akifanya, siku ya sita hakuamka. Hakupimwa. Kwa hiyo siwezi kuandika hapa alikufa kwa nini, na sitaandika. Msibani waombolezaji walijaa, tukashikana mikono, tukasalimiana zile salamu zetu ndefu. Mtu akiuliza alikuwa anaumwa nini, anajibiwa umri, anajibiwa kifua, anajibiwa changamoto.

Mjomba alikaa karibu na jeneza. Mchungaji alipomaliza kuomba, yeye akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayetoa taarifa: “Mama amekufa kwa korona.”

Watu wakatazamana. Mama mmoja akanigusa bega, akaninong'oneza: “Mwalimu, mmepeleka lini kliniki? Naona imemrudia.”

Nilimtazama Mjomba. Alikuwa ametulia, sindano yake ilikuwa ya wiki mbili tu nyuma, macho yake yalikuwa safi. Huenda alikosea. Lakini kati ya watu wote waliokuwepo, alikuwa wa pekee aliyelitamka lile neno, na tulilihesabu kuwa dalili.

Machi 17 Rais Magufuli alifariki. Rais Samia Suluhu Hassan akaunda kamati ya wataalamu, na Julai 28 mwaka ule akachanjwa mbele ya kamera. Chanjo ilipofika kwetu nilimpeleka Mjomba, siku ileile ya kliniki ili tusilipe nauli mara mbili. Akauliza kama hii sindano na ile nyingine zitagombana. Nesi akacheka, akasema hazitagombana, akamwonyesha chupa. Akakubali.

Watu wanasema yale yamepita. Kwenye benchi yamepita nusu. Baadhi ya waliopotea 2020 wamerudi, wengine wamerudishwa na familia zao wakiwa kwenye hali mbaya, na wengine hatujawaona tena. Nimemuuliza dokta kama kuna namna ya kuwatafuta. Akanionyesha daftari: jina, umri, kijiji, dawa, na kwenye mwezi ambao mtu hakuonekana, neno moja, “hakuja”. Hakuna safu ya kwa nini. Hakuna safu ya nani alikuwa anamleta. Kama ningepewa kuomba kitu kimoja kabla ya gonjwa lingine kufika, na litafika, ningeomba safu hiyo, pamoja na mafuta ya pikipiki ya kumfuata aliyekosa. Si ombi kubwa. Kifua kikuu wameshapewa.

Kwenye kadi ya Mjomba sehemu ya ndugu wa karibu ilikuwa na jina la Bibi, limeandikwa kwa kalamu ya bluu toka ile siku ya kwanza. Dokta amelikata kwa mstari mmoja ili bado lisomeke. Chini yake kuna majina mawili, langu na la binamu. Nilimwomba aache nafasi ya la tatu, kwa sababu mimi nina likizo chache na binamu anafikiria kuhamia Kigoma mjini. Tumeshamwongelesha kijana wa jirani, wa kidato cha pili, ambaye Mjomba anampenda kwa sababu anaongea polepole na anamtazama usoni. Mwezi ujao atakwenda nao aone njia. Nimemfundisha pia namna ya kukaa: nyuma kidogo ya Mjomba, upande wa dirisha, mahali ambapo dokta anaweza kumwona akitikisa kichwa.